Sura ya Nne: Utele wa Mwenye Chupa Moja ya Mafuta

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, kinaanza na aya saba zinazomhusu mjane mwenye deni. Mumewe, mcha Mungu, amefariki. Aliyemkopesha yuko njiani kuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Mama anamwendea nabii Elisha, na Elisha hampi fedha wala hamfariji. Anamuuliza ndani ya nyumba yake kuna nini. Mama anajibu kwamba hana kitu, kisha anaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo lisilostahili hata kutajwa, kwamba ipo chupa ya mafuta.

Sura hii inatoka kwenye chupa hiyo. Nataka kuonyesha kwamba Maandiko yanakuwa na utele kwa mtu anayeyaingia kwa macho ya moyo, akakaa humo mpaka aone nyumba yake mwenyewe. Nataka pia kuonyesha namna ya kuupima utele huo, maana akili ya binadamu inaweza kuwaza lolote na kuliita ufunuo.

Ilete hadithi Mbalibali

Tuanze kwa vitendo. Ichukue hadithi hiyo uiweke Mbalibali, katika nchi ya Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Ni nchi ambayo Mto Mara unaipitia kutoka Hifadhi ya Serengeti kuelekea Ziwa Victoria, nchi ya mahindi, mihogo, mtama na ng'ombe. Ni saa kumi jioni. Mifugo haijarudi. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, bati limeanza kutu kwenye misumari. Mama amekaa kizingitini na daftari la kikoba mapajani. Marejesho ya wiki hii hana, ya wiki iliyopita hakuwa nayo, na alikopa kwa ajili ya matibabu ya marehemu.

Siku hizi mkopeshaji haji na minyororo. Lakini kila mzazi wa huku anajua jinsi deni linavyomchukua mtoto. Yule mkubwa anaacha shule akachunge ng'ombe wa watu, au anapanda bodaboda kwenda Nyamongo kubahatisha kwenye mawe ya dhahabu. Mdogo anapelekwa kwa ndugu mjini, na kazi atakayoikuta huko haijulikani. Ukifika hapo, neno "watumwa" katika aya ya kwanza linaacha kuwa habari ya zamani.

Sasa Elisha anamwambia akaazime vyombo kwa majirani wote, vitupu, wala visiwe vichache. Watume watoto. Mmoja anarudi na dumu la lita tano, mwingine na ndoo isiyo na mpini, beseni, sufuria ya sherehe, jagi, kibuyu kinachonuka maziwa ya mgando. Kila mji wanapopiga hodi wanaulizwa swali lile lile, maana kijijini vyombo vingi haviazimwi bila sababu: kuna msiba au kuna harusi? Watoto hawana jibu. Mama naye hana. Amebeba aibu ya kukusanya vyombo kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Vyombo vikishajaa sebuleni, mlango unafungwa. Hapo usikimbilie muujiza. Kaa na vyombo vitupu sakafuni kwa muda. Angalia uso wa mtoto mdogo anayemwangalia mama. Angalia mkono wa mama unapoinamisha chupa yake kwenye mdomo wa dumu la kwanza. Mafuta hayana kelele kama maji, yanashuka kimya na harufu yake ndiyo inayotangulia kujaza chumba. Dumu linajaa. Mkubwa analisogeza pembeni kwa mguu, mdogo anavuta ndoo. Linajaa jingine. Mpaka mama anaomba chombo kingine na kuambiwa kwamba vimekwisha, na mafuta yanakoma palepale.

Mtu aliyeusoma mstari huo wa mwisho akiwa ndani ya chumba hicho ataona jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Mafuta hayakukoma kwa sababu Mungu alichoka. Yalikoma vyombo vilipokwisha. Na idadi ya vyombo ilitegemea milango mingapi ingefunguliwa kwa mama huyu. Angekuwa mgomvi, au ameishi kwa kiburi mumewe alipokuwa hai, angerudi na vikombe viwili. Muujiza ulipimwa kwa ujirani wake.

Njia hii si ngeni

Kusoma kwa namna hii kuna historia ndefu. Mwezi Mei mwaka 1521 mwanajeshi wa Kibaski, Ignatius wa Loyola, alivunjwa mguu na risasi ya mzinga katika vita vya Pamplona. Akiwa kitandani nyumbani kwao aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, vikakosekana. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha watakatifu. Miezi ile ya kulala ilimzalia njia ya sala ambayo aliiandika kuwa Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548. Humo anamtaka anayesali aingie katika tukio la Injili kwa hisi zote: aone watu na mahali, asikie wanachosema, aangalie wanachofanya, kisha azungumze na Bwana kama rafiki anavyozungumza na rafiki.

Pwani yetu nayo ilikuwa na njia yake. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate, aliacha utenzi uitwao Al-Inkishafi. Katika utenzi huo anauzungumzisha moyo wake mwenyewe na kuupitisha katika majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu, ili uone mwisho wa fahari na kuamka. Hakuuhubiria moyo kwa amri tupu. Aliupa picha, akauacha uangalie. Muumini wa Kikristo wa Mara na Mwislamu wa Lamu wanaweza kukutana hapo bila mmoja kuiacha dini yake.

Na huko Mara kwenyewe tunaye Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Wengi wanamjua kwa siasa, na wapenzi wa fasihi wanamjua kwa tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Wachache wanajua kwamba alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Fikiria kazi hiyo. Mshororo wa utenzi una mizani nane. Mishororo mitatu ya mwanzo ya ubeti inaoana kwa kina, na wa nne unashika kina kinachoendelea hadi mwisho wa utenzi. Mtu akitaka kumwingiza kipofu wa Yeriko katika kipimo hicho hawezi kupita juu juu. Lazima ajue kipofu ameketi wapi, nani anamnyamazisha, anaita mara ngapi, vazi linaangukia wapi. Kila ubeti unamlazimisha asimame, atazame, achague. Mtu aliyekwisha kuwa Rais, akarudi kijijini kwao, akaketi kuhesabu mizani za Injili, anatufundisha kuhusu mwendo wa kusoma.

Jicho linaloona kilichokuwapo

Kuwaza kunakozungumziwa hapa kuna kazi moja kubwa: kumwonyesha mtu kilichokuwapo tayari. Mjane alisema hana kitu, na chupa ilikuwa rafuni. Hajiri, katika Mwanzo sura ya 21, alikuwa amemlaza mtoto chini ya kichaka na kwenda kuketi mbali ili asimwone akifa kwa kiu. Kiriba kilikuwa kimekauka. Maandiko hayasemi kwamba Mungu alichimba kisima wakati huo. Yanasema alimfumbua macho, akakiona kisima.

Mtu wa Mbalibali akikaa na Hajiri chini ya kichaka chake, swali litamgeukia. Kiriba changu kilichokauka ni kipi? Na kisima nisichokiona kwa sababu nimelia mpaka macho yamevimba kiko wapi? Pengine ni shangazi ambaye hajaenda kumsalimia tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Pengine ni ufundi wa kushona alioudharau kwa kuwa haulingani na dhahabu ya Nyamongo. Pengine ni kitu cha ndani zaidi: uwezo wa kusamehe, ambao amekuwa akiusubiri ushuke kutoka mbinguni kumbe umelala ndani yake miaka yote. Maandiko hayampi jibu la jumla. Yanamweka mahali ambapo jibu lake mwenyewe linaweza kusikika.

Ladha inayobaki

Sasa tufike penye hatari. Katika karne iliyopita alikuwapo mwalimu aliyeitwa Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados mwaka 1905, aliyehamia New York akiwa kijana kusomea maigizo. Alifundisha Marekani mpaka alipofariki mwaka 1972. Kwake Biblia yote ni mchezo unaochezwa ndani ya nafsi ya mtu, na nguvu ya kuwaza ndiyo Mungu mwenyewe. Mtu akiishi moyoni kana kwamba alichotaka amekwisha kukipata, kitakuja. Leo mafundisho ya aina hiyo yanasikika kwa Kiswahili pia, mara nyingi bila jina lake, kwenye redio, kwenye simu na kwenye mahema ya mikutano: tamka, ona, pokea gari lako.

Tumtendee haki. Neville aliona kitu cha kweli, kwamba Maandiko yanazungumza na undani wa mtu wa leo, na kwamba anayejiona maskini moyoni atatembea kimaskini hata akiwa na zizi limejaa. Lakini jaribu kumsoma mjane wa Elisha kwa miwani yake pekee. Utabaki na mama, chupa na mlango uliofungwa. Majirani watapotea. Deni litapotea. Na Mungu atakuwa jina jingine la matakwa yetu.

Kipimo tunakipata kitandani kwa Ignatius. Katika miezi ile alikuwa na ndoto za aina mbili. Aliwaza akirudi vitani na kumpendeza binti wa kifalme, akafurahi sana. Aliwaza pia akitembea pekupeku kama watakatifu wale wa kitabuni, akafurahi vilevile. Tofauti aliigundua baadaye. Ndoto za kwanza zilipokwisha zilimwacha mkavu na asiyeridhika. Za pili zilipokwisha furaha ilibaki. Alijifunza kutazama ladha inayobaki baada ya picha kuondoka, na huo ndio utambuzi wa ndani ambao bila huo kuwaza ni sinema tu.

Ukitoka katika sala umewaza nyumba ya ghorofa, gari na maadui wakiaibika, jipe nusu saa. Angalia umebaki na nini. Ukiona wivu umepanda, haraka imepanda, na jirani amekuwa mdogo machoni pako, ujue hukuwa kwa Elisha. Ulikuwa kwa mkopeshaji.

Tajiri asiye na jirani

Luka, sura ya 12, anatupa mtu aliyewaza sana akakosea. Shamba lake limezaa. Anafikiri: ghala hazitoshi, nitazibomoa, nitajenga kubwa zaidi, nitaiambia nafsi yangu ipumzike, ile, inywe. Usiku huohuo anakufa.

Mlete naye Mbalibali. Mahindi yamekubali mwaka huu, vihenge vimejaa, na magunia yamepangwa hadi chini ya kitanda. Anatembea kati ya vihenge vyake jioni akipiga hesabu ya kujenga ghala la saruji. Wakulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wanajua kwamba shamba lililoiva halihesabiwi kuwa mali mpaka kupambazuke, kwa sababu kundi la tembo likiingia usiku linaweza kumaliza jasho la msimu mzima. Kwa hiyo watu hulinda kwa zamu, kwa mwanga na kelele, na anayelinda peke yake halindi kitu. Ukimsikiliza tajiri wa Luka ukiwa umesimama katika shamba kama hilo, utashtuka kwamba katika maneno yake yote hakuna mtu mwingine. Hana mke, hana mtoto, hana kibarua, hana mwenzake wa zamu. Anazungumza na nafsi yake tu.

Mweke mbele ya mjane. Yeye ana ghala na hana jirani. Mama ana chupa moja na kijiji kizima kimemwazima vyombo. Katika mfano huo wa Yesu, Mungu anamwita tajiri huyo mpumbavu, na sababu haikuwa kuvuna sana. Aliwaza mbali bila kumwona mtu.

Kusoma mbele ya wengine

Kwa kuwa moyo unaweza kujidanganya, njia hii haifai kuachwa ya mtu mmoja chumbani. Wakatoliki wa Jimbo la Musoma, lililoundwa mwaka 1957, wanakutana katika jumuiya ndogondogo, nyumba kwa nyumba, kama ilivyo kwa majimbo mengine ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970. Njia inayotumika sana katika jumuiya hizo ni ile ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Watu wanamkaribisha Bwana, wanasoma, wanachagua neno au fungu fupi lililowagusa na kulitamka, wanakaa kimya, wanashirikishana walichokisikia moyoni, wanajadili kazi ya kufanya, wanasali. Zingatia mpangilio. Kimya kinakuja kabla ya maoni, na kazi inakuja kabla ya sala ya mwisho. Kwa hiyo anayedai ameona jambo katika kimya ataulizwa muda si mrefu: basi tufanye nini, na nani ataenda?

Upande wa Wamennonite, waliofika Shirati mwaka 1934, uamsho wa Afrika Mashariki uliwafikia mwaka 1942. Uamsho ule, ambao chimbuko lake ni Rwanda na Uganda, ulijulikana kwa alama moja iliyowasumbua wengi: aliyeguswa aliungama mbele ya wenzake, akarudisha alichoiba na kulipa alichodaiwa. Wana uamsho hawakuridhika na machozi. Walitaka kuona mali ya watu imerudi.

Hapo tunarudi kwa aya ya saba ya hadithi yetu. Mama anakwenda kumweleza Elisha kwamba vyombo vimejaa. Elisha anamwambia auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki waishi nacho yeye na wanawe. Hakuna wimbo wa ushindi, hakuna jumba. Utele wake wa kwanza unakwenda kwa mtu anayemdai. Utele wa pili ni chakula cha watoto. Daftari la kikoba linafungwa, na mtoto mkubwa anabaki shuleni.

Namna ya kuanza

Msomaji, usiyaache haya kuwa maneno ya kitabu. Chagua fungu fupi la Maandiko lenye watu na mahali: mwanamke Msamaria kisimani, mwana mpotevu, wanafunzi wa Emau, au mjane huyu. Lisome mara mbili kwa sauti. Liweke katika mahali unapopajua, kwa vyombo unavyovijua na saa ya siku unayoijua. Chagua mtu mmoja katika hadithi usimame karibu naye, na usimchague kila mara yule shujaa. Siku moja simama na mkopeshaji. Siku nyingine simama na jirani aliyekataa kuazima sufuria yake.

Kaa humo bila haraka. Ukimaliza, jiulize umebaki na ladha gani. Jiulize ni kitu gani kilichomo nyumbani mwako ambacho umekuwa ukikitaja mwisho, kwa aibu. Jiulize ni mlango wa nani unaopaswa kuupigia hodi. Kisha mweleze mtu mmoja unayemwamini ulichokiona, naye akusahihishe ikibidi.

Kama wiki ikipita na hakuna deni lililopungua, hakuna ugomvi uliolegea, hakuna chombo cha mtu kilichorudishwa, usijisifu kwamba unasali kwa undani. Rudi kwenye aya zilezile uanze tena. Maandiko hayajawahi kumpa mtu utele wa kukaa nao peke yake.